Kuthibitisha Hesabu za Kompyuta: Mambo Ambayo Ningependa Kuambiwa Mapema

Naandika haya kwa ajili ya kijana anayemaliza shahada ya hisabati au ya sayansi ya kompyuta, anayependa uthibitisho kuliko kutengeneza tovuti, na ambaye huenda hajawahi kusikia kwamba kuna watu wanaoajiriwa kuonyesha, kwa ukali wote wa hisabati, kwamba kompyuta inapojumlisha, kugawanya au kutafuta kipeuo cha pili, jibu linalotoka ndilo lililoahidiwa. Nimeifanya kazi hiyo tangu nilipoondoka Dar es Salaam kwenda Ufaransa kwa shahada ya uzamili, nikaandika tasnifu ya uzamivu juu yake, na hadi leo ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Sehemu ya gharama niliyoilipa njiani ilikuwa ya lazima. Sehemu nyingine ningeiepuka kama ningekuwa na mtu wa kumwuliza.

Mjomba wangu, aliyefundisha hesabu shule ya msingi kwa maisha yake yote ya kazi, aliposikia ninachosomea aliniuliza kwa simu: "Sasa mjomba, ina maana hiyo kompyuta imeshindwa kujumlisha?" Swali lake ni zuri kuliko maswali mengi niliyoulizwa na wahakiki wa makala. Nilimjibu kwamba theluthi moja haiandikiki kwa desimali bila kukata mahali fulani, naye anajua hivyo kwa sababu ameandika 0.333 ubaoni mara nyingi. Kompyuta, kwa kuwa inahesabu kwa vipeo vya mbili, inapata shida hiyohiyo hata kwa moja ya kumi. Ndiyo maana lugha nyingi za programu, ukiziomba zijumlishe 0.1 na 0.2, hujibu 0.30000000000000004. Namba hizo huitwa za nukta elea: tarakimu chache za mwanzo, pamoja na kipeo kinachosema nukta ikae wapi. Muundo unaotumika zaidi una biti 64 kwa jumla, na usahihi wa biti 53, kwa hiyo ukifika 9,007,199,254,740,992 na kuongeza moja, unabaki palepale.

Lakini kompyuta haijashindwa, mjomba. Tangu mwaka 1985 kuna kiwango cha kimataifa, IEEE 754, ambacho William Kahan alikisukuma kuliko mtu mwingine yeyote na ambacho kilichangia kumpatia Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1989. Kiwango hicho kinaahidi kwamba kila tendo la msingi litatoa jibu lilelile ambalo lingepatikana kama hesabu ingefanywa kikamilifu kwanza, kisha jibu likakadiriwa mara moja tu kwenda kwenye namba ya karibu inayoandikika. Ahadi hiyo ndiyo mtaji wetu wote. Kabla yake kila kampuni ilikuwa na desturi zake za kukadiria, na kilichothibitishwa kwenye mashine moja kingeweza kuwa uongo kwenye nyingine.

Nilivutwa na matokeo madogo sana. Mwaka 1974 Pat Sterbenz alichapisha ukweli kwamba ikiwa namba mbili za nukta elea ziko karibu, yaani moja haizidi mara mbili ya nyingine wala haipungui nusu yake, basi tofauti yao inatoka kamili, bila kukadiriwa hata kidogo. Nilikuwa nimefundishwa kuogopa kutoa namba zinazokaribiana, kwamba hapo ndipo usahihi hupotea. Kumbe kitendo cha kutoa hakina hatia: kinafichua makosa yaliyokwisha kufanyika kabla yake. Nililithibitisha hilo kwenye karatasi jioni moja na nikajua nimepata pa kwenda. Nilichagua Lyon kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa katika mji huo, Jean-Michel Muller na wenzake wamejenga kwa miongo mingi mojawapo ya makundi yenye nguvu zaidi duniani katika hesabu za kompyuta.

Kuhusu safari yenyewe nitasema yale tu ambayo hayaandikwi kwenye matangazo ya masomo. Kwanza, masomo ya uzamili katika fani hii unaweza kuyapata kwa Kiingereza, lakini benki, mwenye nyumba na ofisi ya vibali vya ukazi hawasemi nawe kwa Kiingereza. Jifunze Kifaransa kabla ya kuondoka, hata kama ni kwa kujikokota. Pili, wenye nyumba hudai mdhamini anayeishi Ufaransa, jambo ambalo mgeni hana. Serikali inatambua dhamana ya bure iitwayo Visale, iliyo wazi kwa vijana wa hadi miaka 30. Mimi niliijua baada ya kulala kwa muda mrefu kwenye kochi la Mkongomani mmoja aliyenionea huruma kwa kusikia Kiswahili changu tu kwenye tramu. Tatu, na hili ndilo linalowashangaza wengi, maabara nyingi za utafiti wa kompyuta nchini humo zimewekwa katika maeneo yenye ulinzi maalumu, na kila anayetaka kufanya kazi ndani yake huchunguzwa kwanza na serikali. Uchunguzi huo unaweza kuchukua hadi miezi miwili. Ukipanga kuanza Septemba, karatasi zako ziwe zimekamilika kabla ya likizo ya kiangazi, maana Agosti nchi nzima inasinzia. Mkataba wangu ulichelewa kwa sababu hiyo, na pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya nauli ya kwenda nyumbani ikaishia kwenye kodi.

Jambo moja la kutia moyo ni kwamba mwanafunzi wa uzamivu kule kwa kawaida ni mwajiriwa: anapata mkataba wa miaka mitatu na mshahara ambao miaka ya karibuni umezidi euro 2,000 kwa mwezi kabla ya makato. Usikubali tasnifu isiyo na mkataba.

Sasa kazi yenyewe. Uthibitisho tunaoufanya hauishii kwenye karatasi. Tunauandika ndani ya programu inayokagua kila hatua, kwa upande wetu ile iliyojulikana kwa miaka mingi kama Coq, ambayo sasa inaitwa Rocq. Sababu ni ya kawaida kabisa: uthibitisho wa nukta elea una visa vidogovidogo vingi mno, sifuri yenye alama ya kutoa, namba zilizo mpakani mwa kipeo kimoja na kingine, jibu linaloangukia katikati kabisa ya namba mbili, na macho ya binadamu huchoka kabla visa hivyo havijaisha. Katika fani yetu zimewahi kuchapishwa hoja za karatasi zilizoonekana kamili hadi mashine ilipozigomea.

Miezi ya kwanza ya kutumia programu hiyo ilikuwa migumu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Maneno "ni dhahiri kwamba", ambayo yalikuwa yamenivusha katika masomo yote ya shahada ya kwanza, hayana mahali pa kuandikwa. Nilitumia siku nzima kuishawishi mashine kwamba namba fulani si sifuri, ili iniruhusu kugawanya. Nilihisi mjinga, na kwa kuwa nilikuwa Mwafrika peke yangu kwenye korido ile, nilihisi pia kwamba ujinga wangu unahesabiwa kwa niaba ya watu wengi. Kilichonitoa hapo ni jambo dogo: nilianza kusoma uthibitisho wa wengine mstari kwa mstari, hasa katika maktaba ya Flocq iliyoandikwa na Sylvie Boldo na Guillaume Melquiond, nikagundua kwamba nusu ya mambo niliyokuwa nikihangaika kuyathibitisha yalikuwa yameshathibitishwa humo, kwa maelezo ya jumla zaidi kuliko yangu. Kabla ya kuanza kuthibitisha chochote, tafuta. Kuna pia programu iitwayo Gappa, ya Melquiond huyohuyo, inayojipatia yenyewe vikomo vya makosa, yaani viwango ambavyo kosa haliwezi kuvizidi, na kukuachia uthibitisho unaokaguliwa na mashine. Mwanafunzi anayeanza bila kuijua anajichosha bure.

Hapa nifike kwenye kisa kilichobadilisha namna ninavyofanya kazi. Sehemu kubwa ya tasnifu yangu ilihusu programu inayojumlisha mazao ya jozi nyingi za namba, kama inavyofanywa kwenye vekta na matriksi, kwa hila moja: kila mara jumla au zao linapokadiriwa, programu inakokotoa pia kosa lenyewe la kukadiria na kulihifadhi kando, ili mwishoni lirudishwe. Hila hiyo inafanya kazi kwa sababu, katika kukadiria kwenda namba ya karibu, kosa la jumla ya namba mbili ni namba ya nukta elea yenyewe, inayoandikika kikamilifu, mradi jumla haijazidi ukubwa wa muundo. Kwa kuzidisha pia ni hivyo, karibu kila mara. Nilithibitisha kikomo kizuri cha kosa la programu nzima, mashine ikakubali kila hatua, msimamizi wangu akafurahi, tukatuma makala.

Kisha mhandisi mmoja aliyetaka kuitumia programu hiyo akatuandikia kwamba kwa data yake, kikomo chetu hakitimii. Namba zake zilikuwa za kiasi cha 10 kwa kipeo cha -160. Ukizidisha mbili za namna hiyo unapata kitu cha kiasi cha 10 kwa kipeo cha -320, ambapo muundo wa biti 64 umekaribia kabisa sakafu yake: namba ndogo kuliko zote inayoandikika huko ni takriban 4.9 kwa 10 kwa kipeo cha -324, kwa hiyo badala ya tarakimu 15 au 16 za usahihi unabakiwa na kama tatu. Kosa la kuzidisha halina tena mahali pa kuandikwa, na hila nzima inaanguka.

Uthibitisho ulikuwa mzima. Mashine haikukosea, wala hakuna hatua iliyorukwa. Ila Flocq hukupa miundo kadhaa ya kuchagua, na mmojawapo, ulio mwepesi kuliko wote, unachukulia kwamba vipeo havina mwisho, si juu wala chini. Nilikuwa nimeanza na huo ili nijifunze, nikaahidi moyoni kwamba nitahamia ule wenye sakafu baadaye. Baadaye haikufika, kwa sababu kila kitu kilikuwa kijani kwenye skrini. Nilikuwa nimethibitisha jambo la kweli kuhusu mashine isiyokuwepo. Tulirekebisha makala kabla haijachapishwa, kwa kuongeza sharti juu ya ukubwa wa data na kiasi cha ziada kwenye kikomo, na kazi hiyo ya marekebisho ilikula muda mrefu kuliko uthibitisho wa awali, maana sakafu ile ilijipenyeza kwenye kila hatua.

Tangu hapo ninaandika tamko kwanza, yaani kile ninachodai kuwa kweli, peke yake, bila uthibitisho, na kumpa mtu asiyejua uthibitisho ila anajua data, nikimwomba alivunje. Ninamwuliza: namba zako ndogo kabisa zina ukubwa gani? Je, orodha inaweza kuwa tupu? Je, kuna sehemu ambapo thamani isiyo namba inaweza kuingia? Mazungumzo hayo ya nusu saa yameniokolea miezi. Nimegundua pia kwamba wenzangu wengi huyaona kama kazi ya chini, isiyo ya kihisabati. Sikubaliani nao hata kidogo. Mashine itakagua uthibitisho wako usiku kucha bila kulalamika, lakini haitakuambia kamwe kwamba umethibitisha kitu ambacho hakuna aliyekihitaji.

Kuna mtego wa pili wa jamii hiyohiyo, nao ni kompaila, programu inayotafsiri ulichoandika kwenda lugha ya prosesa. Unathibitisha programu jinsi ilivyoandikwa, lakini prosesa haiisomi jinsi ilivyoandikwa. Prosesa nyingi za sasa zina tendo moja linalozidisha na kujumlisha kwa pamoja na kukadiria mara moja tu, lililoingizwa kwenye kiwango mwaka 2008. Ni tendo zuri sana, lakini kompaila ikilitumia bila kukuuliza, mambo yanageuka. Chukua x mara x kutoa y mara y, wakati x na y ni sawa: badala ya sifuri unaweza kupata namba ndogo hasi, na ukiitafutia kipeuo cha pili unapata upuuzi. Prosesa za zamani za familia ya x86 nazo zilikuwa zikihesabu ndani kwa biti 80 na kukadiria tena wakati wa kuhifadhi, hivyo jibu lilitegemea kama kompaila imeiacha namba ndani ya prosesa au imeipeleka kwenye kumbukumbu. Tiba ipo. CompCert, kompaila ya lugha ya C iliyoongozwa na Xavier Leroy, imethibitishwa kwamba haibadilishi maana ya programu, na sehemu yake ya nukta elea imejengwa juu ya Flocq. Asiyeweza kuitumia angalau asome maelezo ya kompaila yake na kuzima kila kinachoitwa hesabu za haraka.

Watu hunitaka nieleze umuhimu wa kazi yetu kwa majanga, nami huwatimizia kwa shingo upande. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati Virginia, aligundua kwamba prosesa ya Pentium inakosea kugawanya: thamani 5 zilikuwa zimekosekana kwenye jedwali lililo ndani yake, na 4195835 ikigawanywa kwa 3145727 ilitoa 1.33374 badala ya 1.33382. Intel, kampuni iliyoitengeneza, ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya hasara hiyo. Kisa hicho ndicho kilichozaa ajira nyingi za fani yetu: mwaka 1995 J Moore, Tom Lynch na Matt Kaufmann walithibitisha kwa mashine algorithimu ya kugawanya ya prosesa ya AMD K5, na Intel yenyewe ikamwajiri John Harrison, ambaye tasnifu yake ya Cambridge ilihusu namba halisi ndani ya programu za uthibitisho. Lakini majanga mengine yanayotajwa pamoja na hilo hayafanani nalo. Roketi ya Ariane 5, iliyolipuka tarehe 4 Juni 1996, ilishindwa kuhamisha namba ya biti 64 kwenda kwenye namba kamili ya biti 16. Hilo ni suala la ukubwa, wala si la kukadiria. Kule Dhahran, Saudi Arabia, Februari 1991, ambapo wanajeshi 28 wa Marekani waliuawa, saa ya mtambo wa Patriot wa kutungua makombora ilikuwa imekata moja ya kumi kwenye biti 24, na baada ya saa 100 ikawa imepotea kwa thuluthi moja ya sekunde: hilo ni kosa dogo lililoachwa likue, wala si prosesa iliyokosea. Ukitaka kuomba fedha za utafiti, mifano hiyo itakusaidia. Ukitaka kujua siku yako ya kazi itakuwaje, haitakusaidia: sehemu kubwa ya maisha yangu ni kubishana juu ya biti ya mwisho ya jibu ambalo tayari ni zuri kwa matumizi mengi.

Baada ya tasnifu nilikaa kwenye mikataba mifupi, na hicho ndicho kipindi nilichokaribia kuacha. Uthibitisho wa kukaguliwa na mashine huenda polepole. Mwenzako anayetafiti akili bandia anachapisha mara kadhaa wakati wewe bado unahangaika na kisa kimoja cha mpakani, na kamati za ajira huhesabu. Taasisi za taifa za utafiti za Ufaransa hutoa nafasi za kudumu kwa mashindano yaliyo wazi kwa raia wa nchi yoyote, lakini nafasi ni chache na washindani wana sifa zinazotisha. Kila mkataba ulipokaribia kuisha kibali changu cha ukazi nacho kilikaribia kuisha, na kuna msiba wa nyumbani ambao sikuuhudhuria kwa sababu karatasi zangu zilikuwa ofisini na ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Jambo hilo sijalimaliza moyoni. Ninaloweza kushauri ni kuomba kibali kipya mapema kadiri sheria inavyoruhusu, na kumwomba mwajiri akusaidie kupata kibali cha watafiti, kinachotolewa na serikali kwa msingi wa makubaliano kati ya maabara na mtafiti, kwa sababu hicho kinaweza kutolewa kwa muda wote wa mkataba badala ya mwaka mmojammoja.

Mwishowe nilikwenda kwenye kampuni inayobuni prosesa. Kule kazi ni ya siri zaidi, machapisho ni machache, na mshahara unakuwezesha kutuma kitu nyumbani bila kuhesabu mara mbili. Waliniajiri kwa sababu ya marekebisho ya makala ile kuliko makala yenyewe. Kwenye usaili walitaka kujua nilivyotafuta masharti yaliyokosekana.

Ushauri wa kiufundi ambao nautoa kwa kila anayeanza ni kutothibitisha kinachoweza kuorodheshwa. Fankshoni ya namba moja ya biti 32 ina pembejeo 4,294,967,296 tu, na kompyuta ya kawaida inazijaribu zote kwa muda mfupi. Tendo la namba mbili za biti 8, zile zinazotumika sasa kwenye mitandao ya neva ya akili bandia, lina jozi 65,536, ambazo zinakwisha kabla hujanyanyua kikombe. Uthibitisho unahitajika kuanzia biti 64, na kwenye programu zinazounganisha matendo mengi.

Na hapo ndipo nilipo sasa. Kikomo cha kawaida cha kosa la kujumlisha namba n hukua pamoja na n, na katika muundo wa biti 16, ukijumlisha namba 2,049, kinasema kwamba kosa linaweza kufikia asilimia 100. Ni kweli, kimethibitishwa, na hakina faida yoyote, kwa kuwa mitandao ya neva hujumlisha maelfu ya namba kwa mkupuo mmoja na kwa kawaida majibu ni mazuri. Nicholas Higham na Theo Mary walionyesha mwaka 2019 kwamba ukichukulia makosa ya kukadiria kuwa ya kubahatisha na yasiyotegemeana, unaweza kutumia kipeuo cha pili cha n badala ya n yenyewe, na uwezekano wa kikomo hicho kutotimia ni mdogo sana. Tatizo ni kwamba makosa ya kukadiria hayabahatishi; ukirudia hesabu ileile unapata kosa lilelile. Kwa hiyo tunatafuta tamko ambalo ni la kweli kwa mashine hii tuliyo nayo, linalotimia kwa data ambayo watu wanayo, na ambalo mhandisi anaweza kulikagua kabla ya kubonyeza kitufe. Rasimu ya sasa ina masharti matatu. Juzi mwenzangu wa upande wa data amevunja la pili.